Ule mtungi nyuma ya siti umenikosesha usingizi

Wiki hii nimepanda Hiace hapa Dodoma, pale Sabasaba naenda Mtumba, nimekaa siti ya nyuma kabisa, mguu ukagusa kitu cha baridi. Kuinama naona mtungi wa gesi wa kilo 15, huu huu wa jikoni, umefungwa kwa mpira wa tairi, umelowa umande kama umetoka kwenye friji, na mpira wa gesi unapita chini ya kapeti kwenda mbele kwenye injini. Pembeni yangu mama kabeba mtoto mgongoni. Nikashuka kabla ya kufika.

Mtungi ule utoke, hilo halina mjadala. Ila nilimuuliza dereva, akanijibu kaka, nikitembelea petroli tupu inameza hesabu ya bosi, mi nabaki na nini? Nikakosa la kumwambia.

Jamani gesi yenyewe sio mbaya! Teksi za Tokyo zinaitumia tangu miaka ya 1960, na hizi Noah na Hiace zetu si zinatoka huko huko Japani? Uturuki na Poland magari ya gesi hii ni mamilioni, Marekani wana maelfu ya mabasi ya shule ya propeni, ni jamii ya gesi hii hii ya mitungi. Wenzetu wanafunga tenki la gari, linakazwa kwa bolti, halijazwi kupita 80% ili gesi ipate pa kutanukia jua likiwaka, ukizima injini valvu inajifunga yenyewe, na gesi inatoka ikiwa bado kimiminika halafu inapashwa na maji ya moto ya injini. Mtungi wa jikoni umetengenezwa ulishe jiko, ukiulazimisha ulishe injini unapoa mpaka unatoa umande, ndo ile baridi niliyoigusa. Na gesi hii ni nzito kuliko hewa, ikivuja inalala chini sakafuni, pale pale kwenye miguu ya abiria.

Kwa hiyo tuanze na magari yanayolala yadi moja. Hiace za shule, za kupeleka wafanyakazi Mtumba, zinatoka asubuhi zinarudi jioni, njia inajulikana, tenki moja kubwa la kujazia liwe hapo yadini, mafundi wawili wafundishwe, mkaguzi ajue pa kwenda, huhitaji sheli ya gesi kila kona.

Najua mtaniambia tusubiri CNG, ile gesi asilia iliyobanwa. Ni gesi yetu, nakubali, na hii ya mitungi inakuja na meli. Ila bomba la Mtwara limefika Dar tangu 2015 na sisi tuko kilomita kama 450 mbele yake, halafu CNG inabanwa hadi bar 200 wakati propeni inakuwa kimiminika kwa presha ndogo kabisa, tena ya kupikia mbona inatufikia kila siku kwa lori.

Haya, lita moja ina nguvu pungufu karibu robo kuliko petroli, gari litakunywa zaidi, na Coaster za dizeli hazimo humu. Bado naomba EWURA, wasimamizi wa nishati na maji, mpo hapa hapa Dodoma, mkae na wenye yadi hata tatu tu mjaribu.

Jana nimemkuta yule dereva tena. Mtungi kautoa, pale ulipokuwa kaweka dumu la maji. Anasema siku ya pili leo hesabu haijafika.