Sikudhani ni kibubu

Nyie mliokesha mkinitumia picha za vibubu, nimewaona. Na wewe uliyeuliza kama sadaka yangu imepokelewa, nimekuona pia, na kwenu nakujua. Swahiba wangu karusha kwenye status video ya sekunde kumi na moja, mimi nikiweka sarafu kwenye mashine ya santuri, kaandika "jamaa kadhani kibubu", halafu kalala. Acha niseme mwenyewe kabla haijafika kwenye grupu la ukoo, maana mama mdogo yumo humo na hana huruma.

Sarafu niliiweka. Hilo sikatai. Shilingi mia mbili, ile yenye simba.

Mnajua mimi na santuri, na mnajua kimashine changu cha mtumba, kile mnachokikejeli kila Jumapili. Sasa swahiba ana mjomba wake Mbezi Beach, mzee mstaafu aliyeishi Uingereza miaka mingi akarudi na Linn LP12, mashine ya kupigia santuri. Hizo zinatengenezwa Scotland tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, na ukitaka ile ya juu kabisa, na vikorokoro vyake vyote, unapita pauni 20,000. Hapo spika bado. (Kuna Wajapani wanauza ya zaidi ya dola 400,000, lakini hiyo tuwaachie wenyewe.) Kusema kweli nilipoiona nilinywea: kisanduku cha mbao, sahani ya chuma, mkono mwembamba. Hata mapambo hamna! Mzee akanieleza kwamba ndani kuna springi tatu, mtikisiko wa nje usiifikie sindano. Nikaitikia kwa kichwa kama fundi.

Nilikuwa nimebeba santuri ya marehemu baba, ya Mbaraka Mwinshehe, yule tuliyempoteza kwa ajali Mombasa mwaka 1979. Imekaa juu ya kabati Morogoro miaka yote hiyo, imepinda kama chapati ya kwanza. Mzee akaifuta kwa brashi, taratibu, kama anamwogesha mtoto mchanga, akashusha sindano.

Jamani. Nilimsikia mwimbaji akivuta pumzi kabla ya kuanza. Wimbo ule nimekua nao, kila neno nalijua, ila pumzi ile sijawahi kuisikia. Nikaelewa kwa nini mtu anauza kiwanja.

Ikaadhiniwa magharibi. Mzee akainuka kwenda kuswali. "Msiguse kitu. Ikifika mwisho, niiteni."

Msiguse. Alisema kabisa.

Nikasogea hatua mbili nitazame kwa karibu. Zile springi, kumbe mtu mwenye kilo zangu akikanyaga sakafu ya mbao, zenyewe ndizo zinacheza. Ukijumlisha na chapati ya baba, sindano ikaruka, ikarudi, ikaruka, ikarudi. Mbaraka akakwama kwenye neno moja kama karani anayekuzungusha: njoo kesho, njoo kesho, njoo kesho.

Hapa ndipo swahiba alipotoa simu. Angalieni video vizuri, mtaona mkono wangu ukiingia mfukoni bila mwenyewe kushauriwa. Kwetu Morogoro, gramafoni ya baba ilikuwa na senti tano juu ya kichwa cha sindano, ile ya pembe kumi na mbili yenye samaki. Iliwekwa ili sindano isiruke. Sisi watoto hatukujua kama ni dawa. Tulidhani imezaliwa na mashine.

Basi nikaweka. Kwa vidole viwili, kwa adabu zote. Sindano ile inataka uzito wa gramu mbili hivi. Mimi nikaitwisha Mzee Karume na simba wake wawili.

Na wimbo ukanyooka! Hilo swahiba halisemi. Sekunde moja nzima nilikuwa fundi. Nikamgeukia nimkonyeze.

Nyuma yangu sarafu ikateleza. Haikuanguka chini, ingeanguka chini leo tungekuwa tunaongea mengine. Ikalala juu ya santuri, ikaanza safari. Sahani inazunguka mara 33 na theluthi kwa dakika, yaani mzunguko mmoja hata sekunde mbili haumalizi, lakini mimi naapa niliiona ikizunguka kama abiria aliyekaa dirishani: ikapita kwangu, ikapita kwa swahiba, ikapinda kona. Mkono wangu nimeshaunyoosha. Mdomo nimeshaufungua. Ikaifikia sindano kwa ubavu.

Tik.

Ndogo tu. Spika za mzee zikaifanya tiki ya mlango wa benki.

Kile kijiti kinachobeba almasi, chembamba kuliko mguu wa mbu, kikawa kimetazama Bagamoyo.

Yaliyofuata hayana utamu. Mzee alirudi, akavaa miwani, akainama, akasema "Innalillahi" mara moja. Bei ya kichwa cha sindano siitaji, ila ni bodaboda mpya na chenji inabaki. Nimeomba kulipa kidogo kidogo, kakubali, jambo lililoniuma kuliko angekataa. Santuri ya baba ni nzima, ila imepata mkwaruzo mmoja mpya katikati ya mingi.

Nilipokuwa navaa viatu mlangoni, mzee akaniita, akanishika mkono, akanirudishia mia mbili yangu.

"Ya nauli, mwanangu."

Daladala hata nusu haifiki. Nikasema asante, shikamoo, nikatembea.