Historia ya Nicodemus iandikwe kwa ardhi, si kwa majina ya koo

Vitabu vingi vya historia ya wilaya kwenye mbuga za Kansas, Marekani, vimepangwa kwa mtindo mmoja. Sura fupi juu ya mto, nyingine juu ya makanisa, kisha kurasa nyingi za koo kuanzia A hadi Z, kila ukoo ukijisimulia wenyewe. Wanaoandika ni wajukuu, na wajukuu walio karibu na mwandishi ni wa wale waliobaki. Aliyekaa miaka miwili akashindwa na ukame hana mjukuu wa kumwandikia ukurasa. Mjane aliyeuza robo yake, yaani shamba lake la ekari 160, akahamia mjini hayumo. Waliowinda katika bonde hilo kabla ya wote hao wanapewa aya moja mwanzoni, kisha hawatajwi tena.

Kwa bonde la tawi la kusini la Mto Solomon, penye makazi ya Nicodemus katika wilaya ya Graham, mpangilio huo unapotosha. Familia za mwanzo za pale ziandikwe kipande kwa kipande cha ardhi, na majina yaifuate ardhi.

Nicodemus iliasisiwa mwaka 1877 na watu weusi, wengi wao wakiwa watumwa hadi miaka 12 tu kabla. Kampuni ya mji iliundwa Aprili mwaka huo. Rais wake alikuwa W. H. Smith, mtu mweusi, na W. R. Hill, mzungu aliyekuwa mfanyabiashara wa viwanja, alikuwa mweka hazina. Kundi dogo kutoka Topeka, mji mkuu wa Kansas, lilitangulia wakati wa kiangazi. Septemba wakafika watu zaidi ya 300 kutoka upande wa Lexington, Kentucky, na masika ya 1878 likaja kundi jingine kutoka wilaya ya Scott, Kentucky. Wasichanganywe na wale walioitwa Exodusters, watu weusi waliohamia Kansas baadaye, ambao uhamaji wao mkubwa ulikuwa wa 1879, hasa kutoka Mississippi na Louisiana. Watu wa Nicodemus waliwatangulia, na walikuja kwa mpango wa kampuni ya mji.

Mwezi wa kufika kwao una uzito kuliko jina lolote. Udongo wa mbuga haujawahi kulimwa. Mizizi ya nyasi imefungamana kama mkeka mzito. Kuuvunja kunahitaji plau maalumu yenye ulimi mrefu na laini, unaolipindua tabaka taratibu bila kulikata vipande. Kina ni inchi 2 hadi 3 tu, na wakati ni Mei na Juni, nyasi zikiwa mbichi na ardhi ina unyevu. Ukivunja kwa kina zaidi, au ukichelewa mpaka ardhi imekauka, tabaka lile haliozi. Linakaa kama kigae mpaka mwaka unaofuata, na plau ya pili inagonga mizizi ile ile. Plau kubwa ya upana wa inchi 24 huvutwa na jozi kadhaa za maksai. Wakulima wengi wa Nicodemus hawakuwa hata na farasi mmoja, wakalima kwa sepeto na jembe la mkono. Aliyefanikiwa kuvunja ekari chache alipanda mahindi ya mwaka wa kwanza kwa shoka: anapiga mpasuko kwenye tabaka lililopinduliwa, anadondosha punje, anafunika kwa kisigino.

Sasa weka hilo kando ya tarehe. Waliofika Septemba walikuwa wamepitwa na majira ya kuvunja ardhi kwa miezi mitatu. Maana yake hakuna mavuno yao wenyewe mpaka kiangazi cha 1878, hata wangekuwa hodari namna gani. Kitabu cha koo kitasema babu alivumilia baridi ya kwanza. Lakini baridi ile ilikuwa kali kwao kwa sababu walifikishwa katika mwezi mbaya, na mwezi huo ulitokana na namna kampuni ilivyouza safari. Walitoka katika nchi ya katani (hempu, si mkonge) na tumbaku, yenye miti na chemchemi, wakapelekwa mahali palipo karibu kilomita 33 mashariki ya longitudo 100, ule mstari ambao kuupita kuelekea magharibi mvua huwa haba kwa kilimo cha kutegemea mawingu.

Tuje kwenye makazi. Nyumba za kwanza zilikuwa mahandaki. Mtu alichagua ukingo wa korongo au mteremko, akachimba kuingia ndani kama chumba, mara nyingi futi 12 kwa 14 hivi, akajenga ukuta wa mbele kwa matofali ya nyasi au kwa mawe laini ya chokaa ya pale pale. Msomaji aliyeona tembe za Ugogo atapata picha ya paa: boriti, fito juu yake, majani, kisha udongo. Tofauti ni kwamba hapa ukuta wa nyuma ni mlima wenyewe, na paa linaweza kuwa sawa na ardhi, kiasi cha ng'ombe kukanyaga na kutumbukia ndani.

Tofali la nyasi lilikatwa kwa plau kwenye ardhi yenye nyasi nzito na unyevu, upana wa futi 1 hivi, unene wa inchi 4, urefu wa futi 2 au 3. Lilikatwa na kupangwa siku hiyo hiyo, maana likikauka linameguka. Lililazwa upande wa nyasi ukiangalia chini, safu mbili au tatu kwa upana, na kila baada ya safu kadhaa yanalazwa ya kukingama ili ukuta ufungane. Nyumba kamili ya futi 16 kwa 20 ilimaliza nyasi za karibu ekari moja. Juu ya fremu ya dirisha waliacha nafasi na kuijaza matambara, kwa kuwa ukuta hushuka unapojikandamiza. Aliyesahau nafasi hiyo alivunjikiwa kioo. Paa lilivuja siku ya mvua na kuendelea kudondoka matope siku mbili baadaye. Chini ya dari walitandaza kitambaa cha pamba kuzuia mchanga na nyoka. Kuni zilikuwa za kando ya mto tu, kwa hiyo jiko lilichochewa kwa mavi makavu ya nyati na ng'ombe, mabua ya alizeti na nyasi zilizosokotwa.

Willianna Hickman alifika masika ya 1878 na mumewe mchungaji, Daniel Hickman. Walishuka kwenye treni katika mji wa Ellis, surua ikaua watoto kadhaa wa kundi lao, kisha wakavuka mbuga siku mbili. Alipouliza mji uko wapi alionyeshwa moshi unaotoka ardhini. Alilia. Maneno yake ndiyo yanayonukuliwa kuliko yote kuhusu Nicodemus, na yanastahili. Ila yanachukua nafasi ya swali ambalo lingetufundisha zaidi: moshi ule ulitoka kwenye robo ipi, na mwenye handaki lile alipata hati ya kuimiliki?

Swali hilo linajibika. Ardhi yote ya pale ilipimwa kwa miraba kabla ya kugawiwa. Mraba mkubwa una upande wa maili 6 na umegawanywa sehemu 36. Kila sehemu ni maili moja ya mraba, ekari 640. Robo ya sehemu ni ekari 160, karibu hekta 65, na ndicho kiwango ambacho sheria ya makazi ya 1862 ilimpa mtu mmoja. Maelezo ya kiwanja husomwa kuanzia kidogo kwenda kikubwa: robo, sehemu, mraba (namba ya kaskazini-kusini), safu (namba ya mashariki-magharibi). Kosa la kawaida ni kubadilisha namba ya mraba na ya safu, ukaishia kilomita nyingi na mahali pasipohusika. Kosa la pili ni kudhani kila robo ina ekari 160 kamili. Makosa ya upimaji yalisukumwa kwenye sehemu za ukingo wa kaskazini na magharibi wa mraba, na huko utakuta vipande vyenye namba badala ya robo, vikiwa na ekari zisizolingana.

Anza na vitabu vya maombi ya ardhi, vilivyopangwa kwa ardhi na si kwa jina. Kila ombi lililofanywa limo, pamoja na yaliyofutwa, na hapo ndipo walioshindwa wanaporudi kwenye historia. Mji wenyewe ulikuwa ekari 160, mashamba yaliuzunguka. Watu wa bonde hili walipeleka maombi yao kwenye ofisi ya ardhi ya Kirwin, kwenye tawi la kaskazini la mto, zaidi ya kilomita 50 kutoka Nicodemus, safari nzito kwa asiye na farasi. Masharti yalikuwa miaka 5 ya kukaa na kulima, na ada ambazo kwa robo kamili zilifikia dola 18 hivi hadi mwisho. Mwenye fedha aliweza kufupisha: baada ya miezi 6 alinunua kwa dola 1.25 kwa ekari. Askari wa zamani wa Muungano, yaani upande wa Kaskazini katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, waliruhusiwa kutoa muda wao wa jeshi kwenye ile miaka 5. Mwanamke mjane au asiyeolewa mwenye miaka 21 aliweza kuomba. Aliyeolewa kwa kawaida hakuweza. Kwa hiyo usishangae jina la mke kutokuwepo miaka yote, kisha kutokea ghafla baada ya kifo cha mume.

Baada ya kitabu fungua jalada la mwombaji lililoko Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka. Kurasa zenye thamani ni za ushahidi wa mwisho. Mwombaji na majirani wawili wanajibu maswali ya kiapo: nyumba ina ukubwa gani, imejengwa kwa nini, kisima kina futi ngapi, ekari ngapi zimevunjwa, mazao ya misimu mingapi. Robo moja ina handaki na ekari chache zilizovunjwa, jirani yake ina nyumba ya mawe na kisima. Hakuna kitabu cha koo kinachokupa hilo. Majirani walioshuhudia ni habari pia. Fuatilia nani anamshuhudia nani, na utaona kanisa, ujamaa wa Kentucky, na madeni.

Tahadhari moja: shahidi alijua rafiki yake anahitaji hati, na majibu yake yana mwelekeo huo. Linganisha na orodha ya kilimo ya sensa ya 1880, na sensa za jimbo la Kansas za 1885 na 1895. Ile ya 1885 inauliza mtu alikuja Kansas kutoka wapi, swali la dhahabu kwa bonde hili. Sensa ya taifa ya 1890 isahau. Sehemu kubwa iliharibika baada ya moto wa 1921 Washington.

Kurudi nyuma hadi Kentucky ni kugumu kwa sababu inayojulikana. Orodha za watumwa za 1850 na 1860 zina umri na jinsia, hazina majina. Sensa ya 1870 ndiyo ya kwanza kuwaandika waliokuwa watumwa kwa majina. Katikati kuna daraja mbili. Moja ni vitabu vya tawi la Lexington la benki ya akiba ya walioachwa huru, ambavyo mara nyingi vinataja wazazi na ndugu. Jingine ni majalada ya pensheni: Kentucky ilitoa askari weusi zaidi ya 20,000, wengi wakiandikishwa kwenye kambi ya jeshi ya Camp Nelson, na wajane wao walilazimika kuthibitisha ndoa ambazo sheria ya utumwa haikuzitambua.

Njia hii ina upofu wake. Wazee wa Nicodemus walisimulia kwamba katika baridi ile ya kwanza Waosage, mojawapo ya makabila ya asili ya Marekani, waliokuwa wakirudi mawindoni waliwagawia nyama. Hakuna robo ya ardhi iliyoandika jambo hilo, na bila masimulizi tungelikosa. Vilevile ukianza na ombi la kwanza unakuwa umeanza mwaka ambao watu wa kwanza walishafukuzwa. Jeshi la Marekani lilipigana na Wacheyenne kwenye bonde la Solomon mwaka 1857, na mkataba wa Medicine Lodge wa 1867 ukawaondoa Wacheyenne wa kusini katika haki zao. Kwa hiyo ukurasa wa kila robo uanze kabla ya mpimaji, na masimulizi yawekwe pale yanapogusa ardhi.

Reli haihitaji maneno mengi. Mwaka 1887 wapiga kura wa Nicodemus walikubali hati fungani za dola 16,000 ili kuivuta reli ya Missouri Pacific, haikuja. Union Pacific ikapita kusini ya mto mwaka 1888, na biashara zikahamia kwenye njia hiyo ya reli, katika mji wa Bogue. Hadithi hii husimuliwa kama mwisho. Lakini mashamba hayakuhamia Bogue. Daftari la mauzo na rehani huko Hill City, makao makuu ya wilaya, ndilo linaloonyesha nani aliweka robo yake rehani, nani aliuza na nani alinunua ya jirani, na ndipo inapoeleweka kwa nini baadhi ya koo bado zina ardhi pale na sherehe ya ukombozi bado hufanyika kila mwisho wa Julai.

Eneo hilo ni hifadhi ya kihistoria ya taifa tangu 1996, lenye majengo matano ya kihistoria. Kinachokosekana ni ramani ya robo zote za bonde, kila moja na ukurasa wake. Kazi ianze na maombi yaliyofutwa, kwa kuwa hayo hayana wajukuu wa kuyadai: jina, tarehe ya kuomba, tarehe ya kufutwa, na jina la aliyefuata kwenye ardhi ile ile.