Methadoni na hoja ya "kumbadilishia teja ulevi"

Tangu hospitali ya Muhimbili ianze mwaka 2011 kutoa methadoni, dawa ya kunywa anayopewa teja (mraibu wa heroini) badala ya heroini, na hospitali za Mwananyamala na Temeke zikafuata, hoja moja haijaisha mitaani Dar es Salaam: mnamtoa mtu kwenye unga, yaani heroini, mnamtia kwenye ulevi mwingine, tena bure. Wengi wanaosema hivyo ni wazazi ambao watoto wao wameuza mpaka masufuria ya nyumbani. Wanataka kumwona mtoto wao hana kitu mwilini, basi.

Wana haki ya kuuliza. Methadoni ni ya jamii moja na heroini, na anayeikatisha ghafla hupata arosto, yale maumivu ya kukosa dawa, pengine ya siku nyingi zaidi. Lakini heroini huisha nguvu baada ya saa chache. Ndiyo maana teja huamka na kuwaza kete, kipakiti cha unga, kabla hajanawa uso, mchana tena, jioni tena, na wizi mwingi unatokea humo. Methadoni hukaa mwilini siku nzima, na inanywewa, haidungwi. Hilo la mwisho si dogo. Katikati ya miaka ya 2000, hapa hapa Dar, watafiti walikuta wanawake waliokosa pesa ya kete wakijidunga damu ya mwenzao aliyetoka kujidunga, wakiamini itawapunguzia arosto. Mtu aliyefika hapo, ukimtoa bomba la sindano mkononi tu umeshampunguzia hatari ya VVU na homa ya ini.

Nyumba za soba, wanakokaa walioamua kuacha unga, hasa Zanzibar, zina njia nyingine: kuacha kabisa. Mtu anakaa miezi mbali na maskani ya kuvutia unga, pamoja na wenzake waliopitia hayo hayo, na wapo waliotoka humo wakarudi kazini na kwa familia zao. Nawaheshimu sana. Ila kuna hatari isiyosemwa vya kutosha: mwili uliokaa miezi bila unga hauhimili tena kiasi cha zamani. Akiteleza mara moja akapiga kama alivyozoea, anaweza kufa siku hiyo hiyo.

Kwa hiyo kwa anayejidunga, mimi niko upande wa methadoni kwanza. Ninachopinga ni foleni. Kwa kawaida mgonjwa anafika dirishani kliniki, anapewa kikombe, anakunywa mbele ya mhudumu, na kesho arudi, iwe Jumapili au sikukuu. Nauli ya kila siku ataitoa wapi? Na fundi gani atampokea kibarua anayefika saa nne kila asubuhi? Tunamwambia ajitegemee huku tukimnyima muda wa kufanya kazi.

Wahudumu wana sababu, na ni nzito: dozi ya mtu mzima aliyezoea inaweza kumuua mtoto akiinywa, na chupa ikishatoka kliniki inaweza kuuzwa. Hata hivyo, aliyetulia kwenye tiba muda mrefu, mkojo wake ukipimwa ni safi na ana ndugu wa kumdhamini, apewe dozi za siku chache azifungie nyumbani. Kwa waliobaki, dirisha lifunguliwe alfajiri, kabla ya muda wa kuingia kazini.