Uhuru wa Texas Haukuwa wa Greenbury Logan

Kuna video inazunguka kwenye makundi ya WhatsApp inayoisifia Texas: wanaume wachache ndani ya ngome ya Alamo wanakufa wakipigania uhuru, kisha jamhuri yao inajiunga na Marekani kwa hiari. Ndugu zangu wanaisambaza na kupiga makofi. Inaniuma, maana waliolima pamba ya nchi ile walikuwa watu weusi kama sisi, na kwenye video hawamo.

Sibishi: Texas ilikuwa sehemu ya Mexico, na Santa Anna, mtawala wa Mexico, alikuwa katili. Aliitupa katiba ya nchi ya 1824, na katika mji wa Goliad, Texas, mateka zaidi ya 300 walipigwa risasi kwa amri yake. Walowezi waliotoka Marekani walikuwa na la kulalamikia. Lakini walikuwa na jingine pia: mwaka 1829 Rais Vicente Guerrero, mwenyewe mtu wa damu ya Kiafrika, alipiga marufuku utumwa, wakapiga kelele hadi Texas ikasamehewa agizo hilo. Wengine waliwaandikia watumwa wao mikataba ya kibarua ya miaka 99.

Wakatangaza uhuru tarehe 2 Machi 1836. Someni katiba waliyoiandika mwezi uleule! Bunge halina mamlaka ya kuwaacha watumwa huru. Bwana naye hawezi kumwacha huru mtumwa wake bila ridhaa ya Bunge, labda amtoe nje ya nchi. Na mtu huru mwenye asili ya Kiafrika hawezi kufanya makazi Texas bila ridhaa hiyohiyo.

Greenbury Logan alikuwa mtu huru, mweusi. Desemba 1835 alijeruhiwa vitani San Antonio, akipigana bega kwa bega na walowezi. Vita ilipokwisha, ikambidi aliombe Bunge la nchi aliyoimwagia damu limruhusu kubaki. Mwaka 1841 akaandika tena, sasa kilema asiyeweza kazi, akiomba walau asamehewe kodi. Kufikia hapo kulikuwa na sheria ya 1840 iliyowataka weusi huru wote waondoke, la sivyo wauzwe. Sam Houston, rais wa Texas, aliahirisha utekelezaji wake, na hilo nampa.

Kujiunga na Marekani wapigakura walikutaka tangu Septemba 1836. Washington ndiyo iliyosita, ikihofia vita na Mexico na ugomvi wa majimbo ya watumwa na yasiyo na watumwa. Mwaka 1844 Seneti ya Marekani iliukataa mkataba wa kuiunga Texas kwa kura 35 dhidi ya 16, baada ya waziri wa mambo ya nje, Calhoun, kumwandikia balozi wa Uingereza akiutetea utumwa waziwazi. Rais Tyler wa Marekani akapitia azimio la pamoja la mabaraza mawili ya Bunge la Marekani, lisilohitaji theluthi mbili ya kura za Seneti kama mkataba, na tarehe 29 Desemba 1845 Texas ikawa jimbo.

Kwa hiari ya nani? Jamhuri ilipoanza, watumwa Texas walikuwa kama 5,000. Sensa ya Marekani ya 1860 ilihesabu zaidi ya 182,000, na hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuulizwa.