Asilimia 65 ya Twaweza: Nani Alikuwa Upande wa Pili wa Simu?

Septemba 2015, kuelekea uchaguzi wa rais wa Tanzania, asasi ya kiraia ya Twaweza ilipotangaza kwamba asilimia 65 ya wahojiwa wake wangempigia kura John Magufuli wa CCM na asilimia 25 wangempa Edward Lowassa wa Chadema, aliyebeba bendera ya Ukawa, muungano wa vyama vya upinzani, wapinzani walisema utafiti umepikwa. Hoja iliyovuma zaidi ndiyo iliyokuwa dhaifu kuliko zote: kwamba watu wasiofika 2,000 hawawezi kuwasemea mamilioni. Wanaweza, mradi wamechaguliwa kwa nasibu na bila upendeleo; kwa idadi hiyo, kosa la bahati peke yake kwa kawaida halizidi asilimia tatu juu au chini.

Walipopaswa kubana ni kwenye namna wahojiwa walivyopatikana. Mradi wa Twaweza wa Sauti za Wananchi uliunda kundi lake mwaka 2012, Tanzania Bara pekee, ukawagawia wahusika simu na chaja za sola, kisha ukawa unawapigia mara kwa mara. Kijana aliyetimiza miaka 18 baada ya hapo, na ambaye ndiyo kwanza anapiga kura, hakuwa na nafasi humo. Tena, mtu anayehojiwa na mradi unaolijua jina lake na kijiji chake ana kila sababu ya kupima maneno kabla ya kutamka kwamba anaunga mkono upinzani.

Oktoba, Tume ya Taifa ya Uchaguzi ilimtangaza Magufuli kwa asilimia 58.46, Lowassa akapata 39.97. Pengo la takriban pointi 15 kwa Lowassa haliwezi kusingiziwa bahati. Hata hivyo, mahojiano yalifanyika kampeni zikiwa bado mbichi, na kampuni ya utafiti ya Ipsos nayo ilimweka Magufuli mbele kwa 62 dhidi ya 31. Zaidi ya hayo, Twaweza ilieleza mbinu zake hadharani, ndiyo maana inakosoleka. Takwimu za vijiweni hazikuwa hata na dodoso la kukaguliwa.

Mwaka 2018 lawama zilihamia upande wa pili. Twaweza iliripoti kwamba waliokubali utendaji wa Rais Magufuli walikuwa asilimia 55, kutoka 96 mwaka 2016, na safari hii COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia, ndiyo iliyoiandikia barua, ikihoji kibali cha utafiti. Suala la mbinu halikupewa uzito, ingawa lilikuwa na jibu zito: kama woga huwafanya wahojiwa wawasifu watawala, basi hata hiyo 55 huenda ilikuwa imezidi hali halisi.