Tarakimu Sitini Gizani

Stima zilituacha saa moja na dakika tano jioni, habari zikiwa ndiyo kwanza zimeanza na ugali haujashika sufuriani. Nikachungulia nje. Plot nzima inawaka. Basi si stima zilizopotea, ni mimi.

Nikanunua kwa simu tokeni ya mia mbili, ile namba unayoingiza kwenye mita ya kulipia kabla ndipo upate stima. Kwa kawaida ujumbe huja na namba moja ya tarakimu 20, nami nimeizoea hivyo. Siku hiyo zikaja tatu. Tarakimu 60 kwa shilingi 200! Nikamwambia Mama Kadogo pengine tumepewa bonasi. Akanitazama jinsi anavyonitazama nikimwambia nimeshafika stejini.

Sasa, kile kidude chetu cha kuingizia tokeni kina maradhi yake. Kinakula betri, yaani ili upate stima sharti uwe na stima kidogo pembeni. Betri zikang'olewa kwenye rimoti ya televisheni. Halafu kitufe cha 4 na cha 7 vilishafutika siku nyingi, vinabonyezwa kwa imani. Na simu yenye namba ndiyo hiyo hiyo tochi, ikiwa na chaji asilimia sita. Ukimulika kidude huoni namba, ukisoma namba huoni kidude. Tukagawana kazi: yeye asome, mimi nibonyeze.

"Nane, sifuri, tatu tatu..."

"Tatu moja au mbili?"

"Tatu tatu."

"Yaani tatu ziko tatu, au ziko mbili?"

"Baba Kadogo, wewe ulisoma wapi?"

Tulipofika tarakimu ya kumi na saba, namba zikatoweka kwenye skrini na jina la shemeji likachomoza. Alikuwa anapiga kwa haraka kweli. "Washeni televisheni! Wanaeleza jinsi ya kuingiza zile namba mpya za mita!"

Jameni. Maelezo ya mtu aliye gizani yanatangazwa kwa kifaa kinachohitaji stima, na aliyeyapata ni shemeji, ambaye stima zake hulipiwa na mwenye nyumba.

Ni Kadogo, wakati huo akiwa kidato cha pili, aliyenifafanulia kisa chenyewe baadaye, na tangu hapo sijalala vizuri. Kumbe mita hizi za kulipia kabla, duniani kote, huipiga kila tokeni muhuri wa dakika iliyotolewa, ili usiitumie mara mbili. Dakika hizo zimekuwa zikihesabiwa tangu Januari 1, 1993. Na waliounda hesabu hiyo waliiachia nafasi ya dakika 16,777,216 basi. Ukizigawa unapata miaka 32 kasoro kidogo, na kibaba kilikuwa kijae Novemba 24, 2024. Mita ambayo haijalishwa zile namba mbili za kwanza, za kuianzishia hesabu mpya, ingekuwa inakataa tokeni mpya zote.

Mwaka 1993 mimi nilikuwa darasa la tatu, nasoma kwa koroboi. Kijiji kizima hakikuwa na waya hata mmoja wa stima, labda ule wa kuanikia nguo. Na kumbe mahali fulani kuna mtu alikuwa ameshaanza kunihesabia dakika!

Lakini mwandishi wa habari kwenye televisheni usiku ule alisemaje? Shemeji ananiambia alisimama kando ya transfoma, akainyoshea kidole mara tatu. Transfoma maskini haina hatia hata kidogo. Ndivyo walivyo hawa ndugu zetu wa habari za teknolojia. Mhalifu wa mtandaoni kwao ni kijana aliyejifunika kofia ya sweta, ameketi gizani, kana kwamba wizi wa kompyuta hauwezekani taa zikiwaka. Mwaka huo huo wa 2024, Mei, nyaya za intaneti zilikatika chini ya bahari huko upande wa Afrika Kusini, na mtandao ukachechemea hadi Nairobi. Nikauliza: si mlituambia picha zetu ziko kwenye wingu? Wingu gani hilo linalokatikia kwa samaki? Na ile akili ya mashine, leo wanaiita bandia, kesho mnemba, keshokutwa unde. Jina halijakubaliwa, lakini kwamba itanipokonya kazi, hapo wamekubaliana wote.

Tena kazi yenyewe naifundisha mimi, bila malipo.

Juzi nilikuwa najaza fomu mtandaoni. Kompyuta ikaniuliza kama mimi ni roboti. Kompyuta! Ikanipa picha tisa nichague zenye taa za barabarani. Mimi ni mtu wa Nairobi: taa ni nyekundu, askari anakupungia upite; taa ni kijani, askari yule yule amekusimamisha. Sisi tunamtazama askari. Nikatafuta picha yenye askari, hakuna. Nikafeli. Ikaniletea bomba la zimamoto, kitu chekundu kifupi kimesimama kando ya njia kama mtoto aliyefukuzwa darasani. Sijawahi kukutana nalo mtaani kwetu. Nikafeli tena. Ikaja ya vivuko vya pundamilia, nikaacha picha moja kwa sababu haikuwa na bodaboda juu yake, nikadhani ni mapambo.

Kadogo akanisaidia, nikatangazwa kuwa binadamu. Ndipo aliponiambia kwamba wenye mtihani huo walishasema wazi majibu yetu huzifunzia mashine kutambua vitu. Yaani mwalimu ndiye anayefanyishwa mtihani na mwanafunzi, tena anafelishwa, na akimaliza mwanafunzi anachukua kiti chake.

Usiku ule, turudi kwenye ule usiku, tulianza upya kutoka tarakimu ya kwanza. Namba ya kwanza ikakubali, ya pili ikakubali, ya tatu ikakataa, maana niligusa 4 nikidhani ni 7. Simu ikabaki na asilimia mbili. Mama Kadogo akazinakili zilizobaki mkononi kwa kalamu, tukamalizia kwa mshumaa. Mwanga uliporudi, habari zilikuwa zimekwisha na ugali umekuwa tofali.

Kadogo anasema hesabu mpya imeanzia 2014, kwa hiyo kibaba kitajaa tena mwaka 2045. Nitakuwa na miaka 61, nimestaafu, macho hayaoni vizuri. Nimemwambia mama yake ajifunze kusoma "tatu tatu" mapema. Amenijibu nianze kwa kununua betri, kwa kuwa zile za rimoti hazijarudi hadi leo. Chaneli tunabadilisha kwa kumtuma Kadogo.