Kuhesabu karata si wizi

Nimesoma makala yanayomweka anayehesabu karata katika blackjack, mchezo wa karata wa kasino, kundi moja na mtu anayeficha karata mkononi, na hapo siafikiani nayo hata kidogo. Anayehesabu hukumbuka tu karata zilizokwisha kufunuliwa mbele ya kila mtu. Kwa mbinu ya Hi-Lo, karata ya 2 hadi 6 ikitoka anaongeza moja, ya 7 hadi 9 haibadilishi kitu, na ya 10, ya picha au ree inapunguza moja. Kisha anagawanya jumla hiyo kwa idadi ya pakiti zilizobaki, kwa kuwa jumla ya 6 pakiti zikiwa 2 ina uzito kuliko zikiwa 5. Hesabu ikipanda, yaani karata kubwa zilizobaki ni nyingi, ndipo anapoongeza dau.

Mwaka 1982 Mahakama ya Juu ya jimbo la New Jersey, Marekani, katika kesi ya mhesabu karata Ken Uston dhidi ya kasino ya Resorts International, iliamua kuwa kasino haikuwa na haki ya kumfukuza Uston kwa sababu tu anahesabu. Katika jimbo la Nevada, kasino inaweza kumwondoa mchezaji, lakini kisheria kosa ni kutumia kifaa cha kuhesabia, si kutumia akili.

Jambo ambalo mwandishi angelikazia ni udogo wa faida yenyewe: kwa kawaida ni kama asilimia moja tu, kwa hiyo hata anayehesabu bila kukosea anaweza kupoteza fedha kwa muda mrefu. Na katika michezo ya intaneti ambayo kompyuta huchanga karata upya kila mzunguko, mbinu hii haifai kitu. Vijana wanaouziwa mafunzo yake kwa ajili ya michezo hiyo wanaibiwa.